Kukagua Upanga wa Kale wa Kijapani: Kuanzia Kigingi cha Mpini Hadi Kutu ya Msuka

Wasomaji wanaoniletea picha za panga za Kijapani, wengi wakiwa wamezipata kwenye minada ya London, Toronto, Dubai au mtandaoni, hukwama mahali pamoja. Baadhi hawajawahi kuvua mpini, kwa hiyo hawajui walichonunua. Baadhi wameuvua, wakakuta kutu kwenye msuka, yaani kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini, wakaisugua kwa msasa hadi chuma kikameta. Wa kwanza wana kazi ya nusu saa tu. Wa pili wameshaifuta sehemu kubwa ya thamani ya upanga wao, na hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Mwongozo huu ni wa kukagua. Ukarabati una wenyewe, na nitasema pale unapopaswa kuwaachia.

## Vitu vya kuandaa

- Meza pana iliyotandikwa blanketi, chumba kisichopitiwa na watoto.
- Vitambaa vitatu vya pamba laini, vilivyofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo.
- Alkoholi ya isopropili, asilimia 90 au zaidi.
- Mafuta mepesi ya madini. Ya cherehani yanafaa, mradi hayajachanganywa na kitu.
- Nyundo ndogo ya shaba ya kutolea kigingi (mekuginuki). Ukiikosa, kijiti kigumu cha mwanzi chembamba kuliko tundu, pamoja na nyundo ya mbao.
- Taa moja yenye nuru kali inayotoka kwenye nukta moja, na chumba kinachoweza kutiwa giza. Taa ndefu za dari huficha kila kitu.
- Uzi, rula, sumaku ndogo, lenzi ya kukuzia mara 10, na simu ya kupigia picha.

Visivyotakiwa mezani: msasa, waya wa kusugulia sufuria, siki, ndimu, dawa ya kung'arishia shaba, kinoo cha aina yoyote. Kuwa navyo karibu ni kujitia majaribuni.

Neno moja kuhusu mafuta. Yale yauzwayo Japani kwa ajili ya panga, choji, yananukia karafuu, lakini siku hizi sehemu yake kubwa ni mafuta ya madini. Aliye Pemba asidhani amepata njia ya mkato: mafuta halisi ya karafuu yakikaa hewani huwa mazito, hugeuka rangi na kuacha utando unaonata. Ya nazi na ya kupikia ni mabaya zaidi kwa sababu huvunda.

## Hatua ya 1: Chomoa upanga kwenye ala

Kabla ya kuvuta, tazama mpini. Karibu na kinga ya mkono (tsuba) pana kigingi kidogo cha mwanzi kinachopenya upande hadi upande. Hicho ndicho kinachoshikilia upanga wote. Kama hakipo, kimevunjika au kinacheza, usivute kwa nguvu, maana upanga unaweza kubaki ndani ukabaki na mpini mkononi, au ukachomoka bila mpini kabisa.

Shika ala kwa mkono wa kushoto, makali yakitazama juu. Sukuma tsuba kwa dole gumba mpaka ugumu wa mwanzo uachie, kisha vuta polepole ukiacha mgongo wa upanga utelezee ndani ya ala. Ukiulaza ubavu au ukigeuza makali chini, makali yatakata mbao za ala kutoka ndani na mikwaruzo itabaki kwenye bapa.

Usiguse bapa kwa kidole hata mara moja. Jasho lina chumvi, na kwenye hewa ya Mombasa au Muscat alama ya kidole huanza kuwa kutu upesi. Usizungumze ukiwa umeinamia upanga, kwa sababu matone ya mate hufanya kazi ileile.

Umefaulu ikiwa upanga umetoka bila mkwaruzo kusikika.

## Hatua ya 2: Toa kigingi

Kigingi ni chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, kwa hiyo hutoka kwa njia moja tu. Angalia pande zote mbili za mpini, tafuta kichwa kidogo, uweke ncha ya kijiti hapo na ugonge taratibu. Wanaopasua mpini karibu wote wamegonga kutoka upande mnene.

Kikigoma, acha. Usitoboe kwa drili. Vigingi vingine vya kale ni vya pembe, vingine ni vya shaba na vina skrubu.

Ukikuta mpini wa metali uliopakwa rangi ili ufanane na mpini uliofungwa utepe, ukiwa na skrubu badala ya kigingi, na namba imegongwa kwenye bapa karibu na tsuba, huo ni upanga wa Aina ya 95. Ulitengenezwa kiwandani kwa ajili ya maafisa wadogo wasio na kamisheni wa jeshi la Japani, muundo wa 1935. Ni kumbukumbu ya vita yenye wanunuzi wake, ila hatua ya 6 haitakupa kitu, kwa kuwa haukufuliwa kwa mkono.

## Hatua ya 3: Vua mpini

Shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, upanga ukisimama umeinama kidogo, mgongo ukikuelekea. Kunja ngumi ya kulia, upige kifundo cha mkono wa kushoto. Mtikisiko huo hulegeza msuka na upanga hupanda kidogo kidogo. Piga pole, rudia, mpaka uweze kuushika kwenye habaki, ile kola ya shaba iliyo chini ya bapa, na kuuinua.

Kwa jambia fupi (tanto) punguza nguvu sana. Ni jepesi, na pigo moja kubwa hulirusha hewani.

Kisha vua vipande kwa mpangilio huu: washa nyembamba, yaani kipete bapa cha metali (seppa), tsuba, washa ya pili, halafu habaki. Piga picha kila kipande kinapotoka. Washa hizo hukatwa kwa upanga mmoja na zina upande wake. Ukizibadilisha, mpini utacheza na utajiuliza umeharibu nini.

Mpini ukigoma kabisa, mara nyingi ni kutu iliyouma mbao kutoka ndani. Mpelekee mtaalamu. Usimwage mafuta ndani ya mpini, kwa kuwa yatalowanisha mbao na ngozi ya samaki taa iliyofunikwa chini ya utepe.

## Hatua ya 4: Pima

Hapa kosa ni la kawaida: watu hupima kutoka ncha hadi tsuba, au wanajumlisha na msuka. Urefu wa upanga wa Kijapani ni mstari ulionyooka kutoka ncha hadi pengo dogo lililo upande wa mgongo, mahali habaki ilipokalia. Nyoosha uzi hapo na upime.

Kipimo cha asili ni shaku, sawa na sentimita 30.3. Chini ya shaku 1 ni tanto. Kati ya shaku 1 na 2 ni wakizashi. Kuanzia shaku 2, yaani sentimita 60.6, ni katana au tachi. Tofauti ya sentimita chache kwenye mpaka huo hubadili bei sana, na muuzaji aandikaye "katana" kwa upanga wa sentimita 58 ama hajui kupima ama anajua sana.

Uzi ukiwa bado umenyooka, pima pia umbali mkubwa kabisa kati yake na mgongo. Hicho ndicho kipimo cha mpindo. Andika vyote viwili.

## Hatua ya 5: Soma msuka, usiusafishe

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu msuka ndio cheti cha kwanza cha upanga.

Kutu. Mfua chuma wa Kijapani huacha msuka bila mafuta ili ushike kutu taratibu. Kutu ya karne kadhaa ni ya kahawia iliyokolea hadi nyeusi, imetulia, laini kwa macho, na haiachi unga kitambaani. Kutu changa ni nyekundu au ya chungwa. Bandia nyingi zinazotoka viwandani leo zina kutu ya chungwa iliyosambaa sawasawa kama rangi ya ukutani, pamoja na msuka uliokatwa bila umbo. Ukikuta kutu nyekundu juu ya kutu nyeusi, upanga ni wa kale ila ulihifadhiwa vibaya karibuni. Futa unyevu kwa kitambaa kikavu na uishie hapo.

Alama za tupa. Inamisha msuka chini ya taa. Utaona mistari myembamba iliyolala, iliyoinama upande mmoja, au iliyokutana katikati. Kila ukoo wa wafua chuma ulikuwa na mtindo wake, kwa hiyo mwelekeo wa mistari ni ushahidi. Msuka usio na alama yoyote ama ni wa kale sana ama umesuguliwa, na rangi ya kutu itakuambia ni upi.

Matundu. Tundu moja la kigingi ni hali ya kawaida. Mawili au matatu mara nyingi humaanisha upanga ulifupishwa: panga ndefu za zamani zilikatwa kutoka chini ili zivaliwe kwa mtindo mpya, na jina la fundi likapotea pamoja na kipande kilichokatwa. Ndiyo sababu upanga usio na jina si lazima uwe duni. Baadhi ya panga zinazothaminiwa sana hazina jina hata herufi moja.

Jina. Simamisha upanga ncha ikiwa juu. Kwenye katana, jina la fundi kwa kawaida huwa upande ule ambao ukiutazama makali yako kushoto kwako. Kwenye tachi, uliovaliwa makali yakitazama chini, ni kinyume. Ukoo wa mafundi wa Tadayoshi wa jimbo la Hizen ni mfano maarufu wa waliovunja desturi hiyo, wakitia jina la katana upande wa tachi. Hivyo "Tadayoshi" iliyo upande wa kawaida wa katana ni ya kutiliwa shaka mapema.

Majina ya uongo ni mengi kupita kiasi, na hayakuanza na mtandao. Fundi Kotetsu wa Edo, Tokyo ya leo, alighushiwa sana hata wakusanyaji wakawa na desturi ya kudhani kila "Kotetsu" ni bandia mpaka ithibitike vingine. Weka lenzi juu ya herufi. Kutu iliyo ndani ya mikato ya tindo inapaswa kuwa ya umri mmoja na kutu iliyo nje. Mikato ikimeta ndani, au kingo zake zikiwa zimeipasua kutu ya zamani, jina liliongezwa baadaye. Jina la uongo halifanyi upanga kuwa wa uongo, kwani bapa linaweza kuwa la karne ya 16 na jina la jana. Usilipe bei ya jina, basi.

Muhuri mdogo. Nyota, au herufi ndogo ndani ya duara, iliyogongwa kwenye msuka ni dalili ya upanga wa enzi ya Vita vya Pili vya Dunia. Panga nyingi zenye muhuri wa herufi hazikutengenezwa kwa njia ya jadi, ilhali nyota kwa kawaida ni alama ya mafundi walioidhinishwa na jeshi waliofua kwa jadi. Hili lina uzito wa kisheria, nitalirudia hatua ya 9.

Picha. Piga msuka wote, pande zote mbili, kamera ikiwa wima juu yake na nuru ikitoka pembeni. Usipake chaki wala unga ili herufi zionekane. Badili pembe ya taa, zitatokea zenyewe.

Umefaulu ikiwa una picha ambazo mtu asiyeushika upanga anaweza kusoma kila herufi, na msuka uko vilevile ulivyoukuta.

## Hatua ya 6: Soma bapa chini ya taa moja

Mimina alkoholi kidogo kwenye kitambaa, shika bapa kwa kitambaa hicho kutoka upande wa mgongo, futa kwa mkupuo mmoja kutoka habaki kuelekea ncha. Usirudishe mkono nyuma, maana hapo ndipo vidole hukatwa. Mafuta ya zamani yakitoka, zima taa za dari.

Elekeza ncha kwenye taa, kidogo chini ya nuru, na utazame bapa kwa kuinamisha polepole. Mstari wa makali, hamoni, utajitokeza: ukungu au vijichembe vinavyometa kwenye mpaka kati ya chuma kigumu cha makali na chuma laini cha mwili. Ulizaliwa wakati fundi alipopaka udongo mwembamba kwenye makali na mnene kwenye mgongo, akapasha moto, akatumbukiza majini. Kwa hiyo uko ndani ya chuma. Hamoni ya bandia iko juu juu tu, imechorwa kwa tindikali au brashi ya waya. Utaiona nyeupe kutoka pembe zote kama chokaa, haina vijichembe, wala haibadiliki ukiinamisha upanga.

Fuata hamoni mpaka kwenye ncha. Inapaswa kuzunguka ndani ya ncha na kuelekea mgongoni. Kama inaishia hewani, yaani inatoka nje ya makali kabla ya kufika nchani, ncha ilivunjika ikachongwa upya. Hilo ni pengo kubwa kwenye bei.

Juu ya hamoni tazama nyuzi za chuma. Chuma kilichokunjwa na kufuliwa kina mishipa myembamba kama ya ubao, na utaitafuta kwa shida. Mishipa mikubwa inayopiga kelele kutoka upande wa pili wa chumba ni pambo la kiwandani.

Sasa kasoro. Usizipime zote kwa uzito mmoja:

- Ufa wa makali (hagire): unywele mweusi unaopanda kutoka kwenye makali kwa pembe mraba. Huu ni kifo cha upanga. Tembeza taa sentimita kwa sentimita ukiutafuta, kwa sababu unaweza kuwa mdogo kuliko ukope na wauzaji hawautaji.
- Mapengo ya makali: madogo huweza kuondolewa na mnoaji. Yakiwa marefu kufikia hamoni, hapana.
- Malengelenge na mifunguko midogo ya nyuzi: inavumilika kwenye upanga wa kale, hasa ikiwa mbali na makali.
- Mabaka ya chuma kisicho na nyuzi: upanga umenolewa mara nyingi hata ngozi ikaisha na kiini kikatokeza. Hautahimili kunolewa tena.
- Mikwaruzo na kutu ya bapa: inatisha macho lakini ndiyo nafuu kuliko zote.

Ukikuta kutu kwenye bapa, usiisugue. Kazi ya kunoa na kung'arisha ni ya togishi, fundi aliyesomea kwa miaka. Hutoza kwa urefu wa upanga, na bili huweza kuzidi bei ya upanga wenyewe. Uliza bei hiyo kabla ya kununua. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa mambo haya anunue wakizashi iliyong'arishwa vizuri, aache katana yenye kutu ya bei ya kutupa, hata kama katana inapendeza zaidi ukutani.

## Hatua ya 7: Kagua vifaa vya upanga

Wapo wakusanyaji wasionunua panga kabisa. Wanakusanya tsuba, noleo na vichwa vya mpini, na nakshi ndogo zilizo chini ya utepe (menuki), na mara kwa mara vitu hivyo vina thamani kuliko bapa lililokuja navyo. Usivichukulie kama kifungashio.

Anza na sumaku. Tsuba ya chuma itaivuta. Isiyovuta ni ya shaba au mchanganyiko wake, na hapo rangi ndiyo mwongozo. Shakudo, shaba yenye dhahabu kidogo, hutiwa rangi nyeusi yenye ubuluu. Shibuichi, shaba yenye takriban robo ya fedha, huwa ya kijivu. Rangi hizo ni ngozi nyembamba iliyotengenezwa kwa dawa. Dawa ya kung'arishia shaba huing'oa yote kwa dakika moja, ukabaki na kipande kinachong'aa kama bomba la maji.

Kisha tafuta dalili za kusubu. Pitisha lenzi kwenye kuta za ndani za matundu. Iliyofuliwa na kukatwa kwa mkono ina kuta zenye alama za tupa na pembe kali. Iliyomiminwa kwenye kalibu ina mshono mwembamba, vitobo vya hewa na pembe butu. Angalia pia tundu la msuka: tsuba iliyovaliwa kweli ina makovu ya kugongwa kwa tindo kuzunguka tundu ili libane, au viraka vya shaba nyekundu ndani yake. Tundu safi lisilo na kovu lolote linahitaji maelezo.

Kwenye vifaa vya shaba, hasa vya ukoo wa mafundi wa Goto, utaona uwanja wa vijitone vilivyopangwa kama mayai ya samaki. Kila kitone kiligongwa kwa chombo cha mkono. Chini ya lenzi mistari inapaswa kuwa safi na vitone viduara. Vikiungana kama uji, ni nakala.

Kutu nyekundu kwenye tsuba ya chuma unaweza kuikwangua kwa kipande cha mfupa au pembe ya mnyama iliyochongwa butu, bila dawa wala maji. Pembe ni laini kuliko chuma, lakini hubandua kutu iliyolegea. Halafu sugua kwa kitambaa kikavu siku baada ya siku. Hii ndiyo kazi pekee ya kusafisha ninayomruhusu anayeanza.

## Hatua ya 8: Paka mafuta na uurudishe

Matone mawili kwenye kitambaa, futa bapa lote. Likionekana kulowa, umezidisha, na mafuta ya ziada yataingia ndani ya ala na kukusanya vumbi. Msuka usiupake.

Rudisha habaki, washa, tsuba, washa, kisha mpini. Simamisha upanga na ugonge kitako cha mpini kwa kiganja hadi tundu la mpini na la msuka yaonane. Ingiza kigingi kutoka upande mnene wa tundu. Tikisa kidogo: pasiwe na mlio wowote. Ukisikia mlio, washa mojawapo imegeuzwa.

Uhifadhi upanga umelala, makali juu, mbali na ukuta wenye unyevu. Ukaguzi kila baada ya miezi michache unatosha bara. Pwani, fanya kila mwezi.

## Hatua ya 9: Karatasi na sheria, kabla ya kutuma pesa

Wauzaji wengi huonyesha karatasi ya usajili ya Japani (torokusho) wakiiita cheti cha uhalisi. Karatasi hiyo hutolewa na bodi ya elimu ya mkoa ili upanga umilikiwe kihalali ndani ya Japani. Ina urefu, mpindo, matundu na jina jinsi lilivyoandikwa. Haisemi kama jina ni la kweli. Na upanga ukitoka Japani kihalali, karatasi hiyo hurudishwa serikalini na muuzaji hupata kibali cha Wakala wa Utamaduni. Kwa hiyo upanga ulioko Dubai ukiwa na torokusho yake halisi unazua swali.

Cheti cha tathmini ni kitu kingine. Kinachotambulika zaidi ni cha NBTHK, chama cha Kijapani cha kuhifadhi panga za sanaa kilichoundwa 1948 na kinachoendesha Makumbusho ya Upanga mtaani Ryogoku, Tokyo. Madaraja yake ni Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Vyeti vya zamani vya Kicho, vya kabla ya mfumo wa sasa wa 1982, vichukulie kama maoni tu. Linganisha kila kipimo cha cheti na ulivyopima hatua ya 4, na picha ya msuka na msuka wenyewe, kwa kuwa cheti halali huweza kuambatanishwa na upanga mwingine.

Usipeleke Japani upanga wa vita usiotengenezwa kwa jadi ukitafuta tathmini au mnoaji. Hausajiliki kule, na unaweza usiuone tena. Uingereza na Wales, panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi zilipigwa marufuku kuuzwa na kuingizwa tangu 2008, isipokuwa zilizotengenezwa kabla ya 1954 au kwa njia ya jadi. Uthibitisho wa hilo ni juu yako, na picha za msuka ulizopiga hatua ya 5 ndizo utakazoanza nazo mbele ya ofisa wa forodha. Kwingineko, Nairobi au Dar es Salaam, uliza polisi na forodha kwanza, upate jibu kwa maandishi, ndipo umlipe muuzaji.